Sahani ya Philomène

Kabla simu hazijamfanya kila mtoto kuwa mwanamuziki, Kindu ilikuwa na mwimbaji mmoja wa kike ambaye watu wa kingo zote mbili za mto walimjua kwa jina. Philomène alikuwa mtu wa Tunda. Alikuja mjini kwa treni na gitaa lake mgongoni, enzi ambazo treni ilisubiriwa kwa saa na si kwa miezi. Hakuwa na mume wa kumsindikiza wala bwana wa kumlipia nyumba. Aliimba Jumapili alasiri katika baa iliyokuwa karibu na stesheni, na jua likianza kulala alifunga gitaa lake akapanda baiskeli kwenda kwake. Leo mahali pale wanauza vocha na kubashiri mpira. Waimbaji wa sasa hulipwa ili wayataje majina ya wakubwa, na wimbo wenyewe hauna pa kupita.

Lakini habari hii ni ya Ndaya, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai, anayeuza wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, sokoni. Mwombe akueleze maisha yake, ataanza na Philomène.

Ndaya alikuwa msichana mdogo aliyechungulia kwenye uzio wa matete. Siku hiyo mfanyabiashara mmoja wa mchele, mwenye koti la abakosti lililombana tumbo, aliinuka na noti mkononi. Desturi ilikuwa hivi: ukipendezwa na mwimbaji, unambandika noti kwenye paji la uso, ishikwe na jasho. Na mkono ukishafika usoni uliijua njia ya kushuka. Waimbaji wengine walicheka tu, wakavumilia.

Philomène alikata wimbo. Wapiga ngoma nao wakanyamaza. Kwa ncha ya kiatu akasukuma mbele sahani ya bati yenye ua jekundu.

"Papa, hii uso njo yangu," alisema. "Mahali ya feza iko pale chini."

Watu wakaguna. Mtu mkubwa yule alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akainama, koti likilia mgongoni, akaiweka noti sahanini. Philomène akapiga goti, akamshukuru kwa heshima yote ya kwao, akaudaka wimbo palepale alipouachia. Ndaya hakuwa amewahi kuona mwanamume wa ukubwa ule akiinama mbele ya mwanamke. Wala hakuna mtu aliyetukanwa.

Mama yake, fimbo mkononi, alimkuta pale uzioni.

"Ndaya! Unaangalia nini? Unataka kuwa mwanamuke wa baa?"

"Hapana, mama. Nataka ile sahani."

Mama alicheka, na fimbo akamchapa vilevile. Ndaya alipoanza kuuza karanga, kitu cha kwanza kujinunulia kilikuwa sahani ya bati yenye ua jekundu. Aliolewa na Kabeya, makanika wa reli, kwa kumchagua mwenyewe, na sahani ikaenda naye. Wanunuzi wake walijua: pesa sahanini, mkono nyumbani.

Kisha vita vikaja. Mwaka ule mji ulizingirwa. Mjini askari, msituni wapiganaji wengine, na mtu akienda shambani mara nyingi hakurudi. Chumvi ikawa hadithi. Treni ilikuwa imelala relini ikiota majani. Kabeya alishikwa na homa ambayo kwa siku za amani ingeondoka kwa vidonge vichache. Hapakuwa na kidonge. Akazikwa.

Siku ya kuondoa matanga, Mwamba, mdogo wake Kabeya, alikuja na nguo mpya imekunjwa mikononi. Kila mtu uani alijua maana yake. Ndugu wa marehemu akimwekea mjane nguo begani, mjane ni wake, pamoja na watoto na nyumba. Na nguo ikishagusa bega haitupwi, maana kuitupa ni kumtupa marehemu. Mwamba alikuwa na wake wawili tayari, na macho yake yaliipenda nyumba ya matofali aliyoijenga Kabeya.

"Shemeji, simama," alisema.

Ndaya alisimama. Mkononi alikuwa na sahani yake, iliyokuwa tupu kwa sababu hapakuwa na cha kuwapakulia wazee. Aliona ile nguo ikija. Akiikwepa, amemtukana mumewe mbele ya ukoo. Akitulia, hatakuwa tena na neno ndani ya nyumba yake. Ndipo akamkumbuka mtu mwenye gitaa, na mikono yake ikajiinua yenyewe, ikaipeleka sahani mbele ya kifua.

"Aksanti, shemeji. Uweke hapa."

"Hii haiwekwe mu sahani," Mwamba alisema. "Hii njo desturi."

"Desturi inakataa nipokee na heshima?"

Mzee mmoja wa reli, aliyekaa na njaa yake ukutani, akapiga paja. "Eh! Philomène huyu!" Kicheko kikatoka, kikaruka kwa mwingine, kicheko cha kwanza katika ua ule tangu mji uzingirwe. Hata Misenga, shangazi wa marehemu, ambaye neno lake ndilo la kufunga matanga, aliona vigumu kukaza uso.

"Mwamba, mwanangu, uweke. Mikono itakufa ganzi."

Mwamba aliiweka. Ndaya akapiga goti chini kabisa, akamshukuru yeye, akamshukuru na marehemu.

"Nguo imepokelewa," alisema Misenga. "Bega halikuguswa. Matanga yameisha."

Watoto walikulia katika nyumba ile ya matofali.

Mwaka huu Ndaya alisikia kwamba Philomène yu hai, anakaa ng'ambo ya mto kwa mpwa wake. Alipika wali na samaki, akapakua katika sahani ileile, akaifunika kwa kitambaa, akavuka mto. Alimkuta bibi kizee wa umbo dogo, meno machache, sauti kama mlango usiopakwa mafuta. Akamweleza yote, tangu uzio wa matete hadi nguo ya Mwamba, na wajukuu alio nao sasa.

"Ile sahani?" Philomène alicheka hadi akakohoa. "Mutoto, nilikuwa nimejipaka poda ya kuazima! Noti zao zilikuwa zinanipangusa uso."

Ndaya naye akacheka, machozi yakamtoka. "Hata vile, mama. Aksanti. Nyumba yangu iko juu ya ile poda."

Bibi akaivuta sahani karibu. "Na ile nguo? Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana. Nilishonea watoto nguo za shule."

"Njo vile." Akala polepole, hadi punje ya mwisho, akaipangusa sahani kwa kanga yake. Ndaya akamwambia ibaki, ameileta iwe yake. Philomène akamrudishia mikononi.

"Rudi nayo, mama. Uko na wajukuu wanawake, na wanaume hawajaisha."