Mkono wa Kushoto wa Bi Hiltrud

Mimi ni muuza viazi, na mwezi wa Machi muuza viazi hana cha kuringia. Viazi vya mwaka jana vimeshaanza kuchipua ghalani, matufaha yamenyauka, na wateja wanapita mbele ya meza yangu wakijifanya hawanioni. Wote wanakwenda kwa jirani. Kwa miaka thelathini na mmoja nilisimama bega kwa bega na Hiltrud Angele kwenye soko la Jumamosi, pale mbele ya kanisa, na kila Machi alinifunika.

Aliuza kitu kimoja tu, tena kwa wiki sita tu: majani ya dubu. Huota msituni kabla ya kitu kingine chochote, theluji ikiwa bado mitaroni, na hunuka kitunguu saumu. Mtu aliyekula kabichi na viazi tangu Novemba akiyasikia harufu hukatiza uwanja mzima bila kuangalia magari. Tunayatia kwenye supu, kwenye siagi, ndani ya vifurushi vya unga vya kuchemsha. Wazee walidai kwamba dubu akitoka usingizi wa baridi huyala kwanza kabla ya kuua. Dubu tulishawamaliza, uchu wao tumebaki nao sisi.

Msituni kuna jani jingine pia, la kijani kilekile, urefu uleule. Tunaliita mwali uchi, kwa sababu ua lake huchomoza Septemba bila jani hata moja mwilini, na majani yake huja Machi bila ua. Halinuki kitu. Anayelila hasikii ladha yoyote ya ajabu; anashiba, anamsifu mpishi, anakwenda kulala. Kesho yake ndipo tumbo linaanza, na hapo daktari hana dawa, anachoweza ni kuvuta kiti akae kando ya kitanda. Ndiyo maana watu wenye akili hawakujichumia wenyewe, walinunua kwa Bi Hiltrud.

Alikuwa mjane wa tarishi, mdogo wa umbo, mkali wa ulimi, na mwaka mzima uliobaki alishona mapazia ya watu. Kilichompa jina ni pua yake. Alichuma alfajiri kabla macho hayajaweza kutofautisha kitu, akifuata harufu, jani moja moja. Sokoni aliniadhiri nayo. "Gebhard," alikuwa ananiambia, tena mbele ya wateja, "gunia la tatu, chini, upande wa ukuta. Kimeoza." Mimi kwa hasira ninamwaga gunia zima, na kiazi kinatoka palepale aliposema.

Habari za mdogo wake alinisimulia mara moja tu, wiki aliyomzika mumewe. Hiltrud alikuwa na miaka saba, mdogo wake Agathe mitano. Mama yao alimtuma akachume majani ya supu. Kulikuwa na baridi kali, akataka kuwahi nyumbani, akakwapua konzi nzima kwa mkono wa kushoto, maana alizaliwa mtu wa kushoto. Agathe aliipenda mno supu ile na akaongezewa sahani ya pili. Alikufa siku ya tatu. Mwaka uleule mwalimu alianza kuuchapa ule mkono wa kushoto kwa rula hadi Hiltrud akajifunza kuandika kwa kulia, na yeye, aliniambia, hakulia hata siku moja, kwa sababu aliamini anachapwa kwa ajili ya Agathe. Tangu hapo hakumpa mtu mkono ule, wala hakukata nao mkate. Kazi yake ilibaki kuingia kapuni na kukusanya majani, mkono wa kulia ukifunga.

Na fungu la mwisho la kila Jumamosi halikuuzwa. "Hili la Agathe," alikuwa anasema, akilitia mfukoni mwake. Adhuhuri alilipikia supu, akaandaa sahani mbili, akala yake.

Sasa nije kwenye Machi hii iliyopita. Jumamosi ya kwanza gunia langu moja lilikuwa limeharibika vibaya, hata mimi nilikuwa ninalisikia, na wateja wanaziba pua. Bi Hiltrud kimya.

"Leo hunitukani, Bi Hiltrud?" nikamuuliza.

"Kwa lipi?"

"Gunia langu hili."

Akaligeukia, akalitazama kama anayesoma kibao. "Aa," akasema. "Ndiyo. Linanuka." Akageuza uso haraka.

Wakati wa kufungasha nikakuta jani moja juu ya kifuniko cha kasha langu la matufaha, pale meza zetu mbili zinapokutana. Limelazwa kifudifudi, limenyooshwa. Nikalisugua nikanusa. Hakuna kitu. Nikalitupa kwenye tundu la maji machafu na kunawa mikono mara mbili.

Jumamosi ya pili yalikuwa majani mawili, sambamba, ncha zikielekea kwangu. Asubuhi yote hakuna mteja aliyesimama upande ule, maana ukuta unazuia. Nywele za kisogo zilinisimama, nami si mtu wa kutishika, nimezeeka nikiingia ghala lenye panya gizani. Nikamwonyesha.

Hakushtuka. Uso wake ukalegea, ukawa wa mtu aliyeletewa barua aliyokata tamaa nayo. "Na wewe umeyaona," akasema. "Nilidhani naota."

"Nani kayaweka?"

"Usicheke."

"Sicheki."

"Tangu yale mafua ya Januari sisikii harufu, Gebhard. Ya kitu chochote. Kahawa, moshi, hata nikiungua mwenyewe sitajua. Nilitaka kuacha kuchuma. Kisha Jumamosi ile nikaliona la kwanza hapo juu ya kifuniko." Akashusha sauti. "Ni Agathe. Ananinusia. Anayatoa kabla hayajamfikia mtu."

Nikamwambia aache upuuzi, aende hospitali. Akaniuliza kama nina maelezo mengine.

Jumamosi ya tatu sikuuza hata kilo kumi, nilikuwa namtazama yeye. Kama saa nne hivi alikuwa anabishana na Walburga, mpishi wa paroko, mwanamke ambaye hajawahi kununua kitu bila kukitukana kwanza.

"Mafungu yako yanapungua kila mwaka," Walburga anamwambia. "Hili nimlishe paroko au kuku wake?"

"Mlishe kuku. Paroko amenenepa," Bi Hiltrud anajibu.

Na wakati huohuo mkono wake wa kushoto ulikuwa kapuni, peke yake. Sijui niseme vipi. Ulisimama. Vidole vikarudi nyuma hatua moja, vikashika jani moja, vikalipapasa bua, vikalivuta. Mkono ukavuka meza bila yeye kuangalia, ukalilaza jani juu ya kifuniko changu, ukalinyoosha kwa kiganja taratibu, kama anavyolazwa mtoto. Kisha ukarudi kazini. Bi Hiltrud hakukata hata neno moja la matusi yake.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko kama ningemwona huyo Agathe mwenyewe.

Ilinipasa kusema palepale, na sikusema. Alikuwa ameanza kuimba chini kwa chini anapofunga mafungu, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia hata akipiga mbinja. Miaka sitini na minne alingoja asamehewe na mtoto wa miaka mitano, sasa anaamini mtoto amekuja. Mimi ni nani nimwambie ni vidole vyake tu? Halafu nikajidanganya kwamba hakuna hatari, mkono unajua kazi yake kuliko pua. Huo ndio ujinga wangu, na simtafuti wa kumsingizia.

Jumamosi ya nne theluji ilirudi. Ilianguka tangu alfajiri, nzito na yenye maji, na soko likawa na meza tano tu. Vidole vya Bi Hiltrud vilikuwa vimekuwa vyekundu, vinapasuka. Nikavua glavu zangu za sufu.

"Chukua."

"Zinanuka viazi."

"Utajuaje?" nikamtania. Akacheka, akazivaa.

Watu walikuwa wachache. Xaver wa mgahawa wa kona alichukua mafungu sita kwa supu ya mchana, wanawake watatu wa mtaani fungu moja moja, Walburga moja. Saa tano kasoro akafunga la Agathe, akalitia mfukoni, akatazama kifuniko changu.

"Leo hakuna hata moja," akasema kwa furaha. "Umeona? Kapu zima safi."

Nikatazama kifuniko. Theluji tupu. Kisha nikatazama mikono yake ndani ya glavu zangu, sufu nene kama blanketi la farasi, vidole haviwezi kupapasa kitu ndani yake.

"Niangalizie viazi," nikamwambia, nikakimbia.

Xaver alikuwa ameshakatakata yote, sufuria inachemka, kijani kibichi, harufu imejaa jiko.

"Mwaga," nikamwambia.

"Wee Gebhard, umeanza kunywa asubuhi siku hizi?"

"Mwaga, Xaver! Kuna mwali uchi."

Ana wateja ishirini kila Jumamosi mchana, na binti yake mjamzito hula pale. Hakuniuliza tena, alibeba sufuria kwa mikono miwili akaitoa nje na kuimwaga kwenye theluji, akabaki ameitazama ile supu ikitoa moshi. Kama jani lile lilikuwamo au halikuwamo, hatutajua kamwe.

Mafungu ya wale wanawake watatu yalikuwa bado mazima. Kunusa hakukunisaidia, vidole vyangu vilishanuka kitunguu na kila nilichogusa kilinuka vilevile. Hivyo ndivyo wengi wanavyokufa. Nililitazama kila jani kwa macho, mgongo na bua. Yote salama. Kwa paroko nilimkuta ameshashika kijiko, na Walburga akanifukuza jikoni kwa mwiko kabla hajanielewa. Fungu lake alikuwa amelitumia nusu. Nikampokonya paroko sahani, Mungu anisamehe, nikamwaga supu na kukagua nusu iliyobaki. Nayo safi.

"Na lake mwenyewe je?" Walburga akauliza, amekaa chini ghafla. "Si huwa anachukua moja?"

Nilikuwa nimelisahau.

Nyumba yake iko juu ya kilima, nyuma ya kinu cha zamani. Nilipanda nikiteleza, nikianguka, nikimlaani yeye na glavu na baridi. Ilikuwa imeshagonga saa sita. Mlango haukuwa umefungwa. Jikoni sahani mbili mezani, maji yanachemka, na yeye amesimama mbele ya ubao wa kukatia akinigeuzia uso kwa mshangao. Glavu zangu alikuwa amezianika juu ya jiko.

"Nimekufungia meza," akasema. "Una nini? Uko kama mtu aliyeona..."

"Umekula?"

"Nile nini? Ndio kwanza nalifungua."

Alikuwa ananitazama mimi. Mkono wa kushoto, mtupu, ulikuwa umeingia kwenye majani. Nikauona unasimama. Nikaona vidole vinarudi nyuma, vinachagua, vinavuta. Jani la kwanza likalazwa mezani, kifudifudi, likanyooshwa. Kisha la pili. Kisha la tatu. Matatu katika fungu moja, na yangemtosha.

"Bi Hiltrud," nikasema. "Tazama mkono wako."

Akashusha macho. Mkono ulikuwa bado unalipapasa lile la tatu. Ulipotazamwa uliacha, ukabaki umelala pale kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mezani. Maji yalifurika kwenye sufuria na hakuna aliyeyajali.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo. Niliuona Jumamosi iliyopita."

"Ni mimi."

"Ni wewe."

"Huu ndio uliochuma siku ile," akasema, akiuinua kidogo, akiuweka tena chini. "Huu huu."

"Basi ndio huohuo uliookoa watu, Bi Hiltrud. Wiki tatu umewaokoa."

Nilidhani nimesema jambo la maana. Hakunisikia hata kidogo. Alikuwa ameelekeza macho kwenye ile sahani ya pili, nyeupe, kijiko kikiwa kando.

"Kwa hiyo hakuja," akasema.

Nikayatia majani kwenye moto, lile fungu lote, nikavuta kiti nikakaa naye mpaka mwanga ulipoanza kufifia dirishani. Hakutaka kula. Hakutaka niiondoe sahani.

Hachumi tena. Jumamosi huja kukaa kwenye kigoda nyuma ya meza yangu, ananipimia viazi kwa mkono wa kulia na kugombana na Walburga, na watu wamezoea. Wa kushoto anauweka juu ya kifuniko cha kasha la matufaha. Haulali. Saa zote vidole vinapapasa mbao, vinachagua, vinavuta, vinanyoosha, naye hautazami, na mimi nimejifunza kutoutazama.