Hundi ya Mwalimu Mutinda

Siku yangu ya kwanza katika Kitengo cha Kadi nilifika saa moja na nusu asubuhi, na bawabu akanizuia mlangoni kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha yake. Nilikuwa nimetoka tawi la Ngong Road, ambako nilihesabu noti kaunta miaka mingi, na nilijiona nimepanda kweli kweli. Makao makuu, katikati ya jiji, orofa ya nne, kiti cha kuzunguka! Nyinyi mnaolipa kila kitu kwa simu mtanicheka, lakini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwenye kadi ya mkopo hapa Nairobi alihesabiwa kuwa mtu.

Kazi ilikuwa hivi. Mteja ananunua kwa kadi, na kila mwezi tunamtumia taarifa kwa posta: anadaiwa kiasi gani, alipe angalau ngapi, na tarehe ya mwisho ni lini. Akiipita, faini. Wengi walilipa kwa hundi, na mimi ndiye niliyezipokea na kuzigonga muhuri. Sasa sikilizeni, maana aibu yangu yote iko hapa. Hundi ya benki nyingine haikuwa pesa siku ile uliyoileta. Ilichukua siku nne za kazi kukomaa, yaani mpaka benki yako itutumie pesa zenyewe. Ukiileta tarehe ya mwisho, umeshachelewa, hata kama umemkuta bawabu akifungua mlango. Hayo yaliandikwa nyuma ya fomu, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Mwalimu Mutinda alikuwa mstaafu wa kule Woodley. Alichukua kadi kwa ajili ya mkewe, mgonjwa wa moyo, ili siku ya hospitali isimkute mikono mitupu. Dawa zake alizinunua kwa kadi hiyo, na kila mwezi alikuja kulipa tarehe ya mwisho yenyewe, saa tatu kamili, koti limepigwa pasi. Pensheni yake ilikuwa imeingia wiki nzima kabla, lakini alikuwa mtu wa kengele. Kwake tarehe ni tarehe. Nikigonga muhuri aliikunja risiti na kusema, "Asante mwanangu, tumewahi." Faini aliiona kwenye taarifa, imeandikwa kwa vifupisho, akadhani ni ada ya kawaida, akaendelea kulipa kile kiasi cha chini tu.

Mwezi wa pili nilimuuliza Mkuu wa Kitengo kama naweza kumweleza yule mzee alete hundi mapema.

"Rose, wewe ni wa kupokea hundi," akaniambia bila kuinua macho. "Akitaka kujua, asome fomu. Si alisaini? Na hiyo bonasi yako unafikiri inatoka wapi?"

Nikanyamaza. Msinitetee, hakuna aliyenikaba koo. Ningeweza kumfuata mzee kwenye ngazi nikamwambia sentensi moja tu. Lakini nyumba yangu ya Riruta ilikuwa imefika lenta, ile zege ya juu ya madirisha, na bonasi ya Desemba ndiyo ingeiezeka. Nilinyamaza karibu miaka miwili, nikitabasamu.

Kisha mkewe akazidiwa. Katika hospitali moja ya Parklands walitaka malipo ya kwanza kabla ya kumpa kitanda, na kadi ikakataa. Faini juu ya faini, na riba juu yake, zilikuwa zimekula kiasi chote alichoruhusiwa kukopa. Mama alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, watu wa kanisa wakizunguka kuchanga. Alilazwa, na siku ya tatu akafariki. Kama ni lile benchi au ni moyo wenyewe, sijui. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza.

Baada ya mazishi Mwalimu alikuja kulipa deni lote na kuifunga kadi. Safari hii alileta pesa taslimu. Mtu alikuwa amemsomea zile taarifa na kumwambia kwamba alikuwa akitozwa kwa kuchelewa kila mwezi. Aliinamia kaunta, akasema polepole, "Mwanangu, kumbe nilikuwa nakuchelewesha miaka yote hii na hukuniambia, kwa heshima. Nisamehe."

Nikamwambia, "Haidhuru, Mwalimu." Nikagonga muhuri.

Sasa nimestaafu, na nyumba ya Riruta ina mabati. Vijana wa plotini, majirani zangu, wakipata kadi huja kwangu, nami nawasumbua mpaka wanachoka: lipa siku tano za kazi kabla, usiipe tarehe ya mwisho nafasi, uliza pesa zitafika lini, si umezituma lini. Wananisifu kwamba najua kazi. Natamani wasinisifu.

Siku ya kuniaga, Meneja Mkuu alisimama mbele ya keki akasoma faili langu. Alisema kwa muda wote niliokaa kwenye kadi, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunilalamikia. Watu wakapiga makofi. Na ni kweli. Yule aliyestahili kunilalamikia aliniomba msamaha, nami nikaupokea.