Fungu la Nyanya Nyuma ya Kalenda

Kila Juni, siku ya kusomwa bajeti, baba alikuwa akirudi mapema kutoka bandarini, alikopakua mizigo miaka yote niliyomjua. Anavua viatu mlangoni, anawasha redio, kisha anaitoa ukutani kalenda ya mwaka uliopita na kuilaza kifudifudi juu ya meza. Upande ule mweupe ndio uliokuwa daftari lake. Aliandika kwa wino wa bluu anachokisikia: ukuaji wa uchumi, mfumuko wa bei, dola kwa shilingi, dhahabu iliyouzwa nje. Mstari wa tano ulikuwa wa kwake mwenyewe: bei ya fungu la nyanya, Mbagala.

"Nchi ina dhahabu, ina gesi, ina tanzanaiti isiyochimbwa kwingine popote," alikuwa akisema. "Lazima mtu ajue vinakwenda wapi."

Mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, alimaliza kuandika akagonga meza kwa furaha. Fungu la nyanya lilikuwa bei ileile kwa mwaka wa tatu. Redio ilikuwa inasema kweli, mfumuko wa bei ulikuwa umetulia.

Mama, ambaye nyanya zenyewe ndiye aliyeziuza pale sokoni, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mume wangu, bei umeandika. Nyanya je, umezihesabu?"

"Fungu si fungu?"

"Mwaka juzi fungu langu lilikuwa nyanya sita. Mwaka jana tano. Sasa hivi nne, na ile iliyobonyea naikalisha chini. Nikipandisha bei, mteja anahamia meza ya jirani. Nikipunguza nyanya moja ananuna, lakini anabeba."

Baba aliivuta kalenda karibu. Halafu akaichukua kalamu, na pembeni ya bei akaandika: nyanya 4. Tangu siku hiyo mstari wa tano ukawa na tarakimu mbili.

Jioni hiyo akatufundisha pato la wastani kwa kutumia samaki aliyekuwa kwenye sinia. Unachukua pato lote la nchi, unaligawa kwa watu wote, unapata la kila mmoja.

"Kwa hiyo kwa wastani sote tumekula sawa," nikasema.

"Kwa wastani."

"Na kichwa kimeliwa na nani?" mama akauliza.

Baba akajifanya anatafuta mawimbi ya redio.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuweza kutulia. Mistari ile ya bluu ilikuwa imeniingia vibaya. Niliisoma kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Dhahabu ilipopanda, nilikwenda Geita. Niliishia kukaanga chipsi karibu na stendi, malori yakinipita na vumbi lake. Gesi ilipoanza kutajwa kila siku, nikateremka Mtwara. Kila nilikofika, watu waliniambia ningekuja mwaka jana.

Baba alikuwa akinipigia simu Jumapili. Hakuniuliza kama nina kazi, wala narudi lini. Baada ya shikamoo aliuliza jambo moja tu: "Fungu huko nyanya ngapi?" Nilidhani ni ule ule uchumi wake. Mwanzoni nilikwenda sokoni kweli na kuhesabu. Baadaye nikaanza kumtajia tarakimu nikiwa nimelala kitandani. Baadaye zaidi nikawa sipokei simu.

Alifariki nikiwa Mtwara. Nilifika siku ya pili, wameshazika. Nikakaa wiki mbili, nikaondoka tena.

Mwaka huu nimerudi kwa mama. Nyumba ya Mbagala ameuza, amejenga vyumba viwili Chanika, kuna mihogo nyuma na tofali za jirani mbele. Nilimwambia napita tu. Redioni walikuwa wanazungumzia gesi ya Lindi, na begi langu lilikuwa bado limefungwa karibu na mlango. Mama hakulitazama, ila kila akipita analizunguka, kama watu wanavyomzunguka mbwa wa mtu.

Juzi akanitolea bunda la kalenda lililofungwa kwa kamba ya katani. "Mie sijui kuyasoma haya mambo yake," akasema. "Tazama kama yana maana."

Nilizifungua moja moja. Uchumi, bei, dola, dhahabu, na wino ukizidi kutetemeka. Kisha nikaona mstari wa sita, ambao sikuwahi kuujua. Geita: 4. Geita: 4. Geita: 3. Mtwara: 3. Hata zile tarakimu nilizotunga nikiwa kitandani ameziandika, kwa uangalifu uleule. Kwenye kalenda ya mwisho ameandika Mtwara, akaweka nukta mbili, na mbele yake hakuna kitu.

"Hapo nilimwambia afute," mama akasema. "Akasema, muache, atapiga."

Nilivaa kandambili nikaenda gengeni. Mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya gunia, nikainama na kuhesabu vizuri, moja moja, mpaka muuzaji akaniuliza, "Braza, unanunua au unakagua?" Nikanunua.

Niliporudi mama alikuwa ameweka kalenda ya mwaka jana kifudifudi mezani, na kalamu juu yake. Niliandika: Chanika: 3, moja imebonyea. Mwandiko wangu, kumbe, unafanana na wa baba.

Mama akaichukua, akaitundika kwenye msumari, upande wa tarehe ukiwa umegeukia ukuta. Akaanza kumenya vitunguu.

"Jumapili utahesabu tena," akasema, na hakuwa anauliza.

Nililibeba begi nikalipeleka chumbani, nikatoa mashati.