Bora Kilian

Mume wangu Joakim alikuwa mkimbiaji. Ninasema hivi mapema kwa sababu hapa Matiri vijana wanamjua kama mzee wa bodaboda anayepeleka magunia ya kahawa Mbinga, na wakimpungia mkono wanataka lifti tu. Mwaka aliorudi na medali ya taifa watu walimbeba mabegani kutoka stendi ya Mbinga hadi uwanja wa kanisa. Nilikuwa kwenye umati ule, nikampenda siku hiyohiyo, wala sioni aibu. Baadaye goti likaharibika, na wale wabebaji wakapata mwingine wa kumbeba.

Juzi binti yetu Jacqueline, aliye kidato cha sita, alirudi likizo na shairi la Kiingereza la kuchambua. Tulikuwa kwenye kichanja tunaondoa punje mbovu za kahawa, baba yake akamwomba atueleze. Akaeleza. Kijana ameshinda mbio, mji mzima umembeba juu. Kisha akafa, wakambeba tena, safari hii ndani ya jeneza. Na mshairi anampongeza! Eti amefanya vyema kuondoka mapema, kabla jina lake halijatangulia kufa yeye akiwa hai. Mwongozo waliopewa shuleni unasema hiyo ndiyo dhamira: sifa hazidumu, anayekufa kijana ana bahati.

Damu ilinichemka. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mume wangu aliacha kazi, akatazama mikono yake, akasema, "Kweli kabisa. Bora Kilian."

Kilian alikuwa mwenzake wa Ngumbo, kule ziwani, aliyekuwa akimshinda kila wakikutana. Mtumbwi ulipinduka akazama, akiwa bado anaimbwa kila mahali, na Joakim alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza. Kumbe miaka yote hii, kila akiwasha pikipiki yake, alikuwa akimwonea wivu marehemu. Nimempikia, nimemzalia, tumezika wazazi wetu pamoja, na kwake hayo yote yalikuwa makombo ya siku moja ya stendi. Nilitamani kummwagia punje zile kichwani.

"Baba Jacqueline," nikamwambia, "mwaka jana tulipokwenda msibani Ngumbo, kaburi la Kilian tulilikuta wapi?"

Sikumngoja, nikajibu mwenyewe ili binti asikie. Tulilitafuta katikati ya mihogo. Vijana wa palepale hawakujua kwamba pana mkimbiaji amelala hapo. Alikufa na sifa zake, na sifa nazo zikaoza. Huyo mshairi aliishia siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanalia, akarudi kwake kuandika. Hakurudi tena kuangalia.

"Na mama yake Kilian alikufanya nini?"

Joakim alivua kofia.

"Alinishika kichwa, akazipapasa mvi zangu. Akasema, laiti Kilian wangu naye angekuwa nazo."

Nikamwambia Jacqueline aandike hilo. Akasema msahihishaji hatalikubali, mwongozo hauna maneno hayo, atanyimwa maksi. Nilifungua kinywa nimfokee, lakini baba yake alinitangulia.

"Akunyime," alisema. "Wewe andika."