Nilimshuku mama mfugaji wa Nainokanoka kuwa ndiye anaua vyura

Wakuu, habari za humu. Hili nimelikalia muda mrefu, leo nalitema lilivyo. Asiyeamini asiamini.

Mimi ni wa Rhotia, kwetu ni wakulima. Nilipata kibarua kwa mtafiti mmoja, kukamata vyura kwenye bwawa huko Nainokanoka. Alitaka kujua jinsi fangasi wa ngozi wanavyobadilisha tabia za vyura.

Tunampindua chura chali, tunahesabu sekunde mpaka ajigeuze, tunampangusa kwa pamba, sample inaenda lab.

Majibu yakarudi: karibu wote wagonjwa!

Akili yangu ikamwendea mama mmoja tunayemwita Yeyo, anayenywesha ng'ombe pale kila asubuhi. Nikikamata vyura anasimama mbali ananitazama tu. Siku moja nikamwona na dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikasema leo nimempata, anaitia bwawani, ndiyo inawadhoofisha vyura mpaka fangasi wanawashika. (Sisi wakulima na wafugaji kushukiana ni jadi, tusidanganyane.)

Nikampelekea bosi maneno. Akaanza kuandika mapendekezo: bwawa lizungushiwe fensi, ng'ombe marufuku. Na ilikuwa kiangazi, maji mengine yako mbali mno.

Yeyo akasikia. Akanikuta nimeinama naokota chura aliyetulia juani.

"Wewe kijana, mnadani unanunua ng'ombe aliyelala?"

"Hapana, Yeyo."

"Sasa mbona hapa unachukua waliolala tu? Wanaoruka unawaacha, halafu unasema wote wagonjwa."

Wakuu, niliona aibu sijawahi kuona. Chura mzima akiona kivuli anachupa majini, mwenye fangasi anabaki pale pale. Mimi kwa uvivu wa kulowa nilikuwa naokota hao hao.

Na ile dawa? Alikuwa anaipeleka boma la shemeji yake, njia inapita pale. Alinieleza siku hiyo hiyo; kabla ya hapo sikuwahi kumuuliza.

Nikamwambia bosi ukweli. Alinifokea vibaya, ila fensi akaifuta. Tukaanza upya kwa nyavu, mimi maji kiunoni natetemeka. Wagonjwa wapo, lakini wazima ni wengi.

Nikamwomba Yeyo msamaha, akanipa maziwa, yakaisha.

Nilidhani yameisha. Juzi hapa Rhotia bodaboda ananihadithia kuna mama Nainokanoka anatia sumu bwawani. Nikamuuliza, nani kakwambia?

"Ah kaka, hiyo mbona kila mtu anaijua."

Na ile shuku yangu, huku nyumbani nilimsimulia mtu mmoja tu.

Funzo langu: muulize mtu kwanza, ndipo umshuku. Nyie mliowahi kumsingizia mtu, neno likishasambaa mlilifutaje? Nishaurini, hata matusi napokea.