Daktari wa Kiamunyi

Msinicheke sana. Mimi ni mwigizaji wa zile sehemu ndogo kwenye vipindi vya TV: leo askari, kesho chifu, majuzi daktari. Uso wangu watu wanaujua, jina hawalijui.

Jumapili, tukitoka kanisani Kiamunyi, mama mmoja akaniita kwa sauti, "Daktari! Daktari!" Moyo ukaruka. Nikajua nimepata shabiki. Nikageuka, nikaifanya sauti nzito: "Ndiyo, mama. Shida ni gani?"

"Ni huyu mamangu. Goti linamsumbua."

Nikadhani ni mchezo. Nikachuchumaa mbele ya yule shosho, nikalibonyeza goti, nikatikisa kichwa kama daktari mkubwa. Kuinuka, naona watu wamepanga laini nyuma yake, na mzee mmoja tayari amekunja suruali. Yule mama akaniuliza, "Sasa atumie dawa gani?" Kumbe hakuwa anacheza.

Kabla sijafungua mdomo, shosho akacheka. "Dawa gani? Huyu si daktari. Ni yule wa TV, wa kupigwa risasi."

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

"Si ungesema mapema, Mama!" binti yake akalalamika.

Shosho akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ulipokufa nililia mpaka chai ikanishinda. Nilitaka kwanza uniguse, nijue uko hai."

Sijawahi kupewa tuzo yoyote. Nikamwambia, "Asante, shosho."