Picha ya Thelathini na Saba

Watu wanaojua kwamba nimezaliwa Kyela hawaniachi niende likizo bila kuniagiza mchele. Wanausifia harufu. Wanasema ukiuinjika tu, jirani wa nyumba ya tatu anajua. Mimi hucheka nao na kuwaletea, lakini ninyi niwaambie jambo ambalo wao sijawaambia: nikifunua ndoo ya mchele wa kwetu na kuinamisha uso, mate yananikauka. Ndani ya ile harufu tamu mimi nasikia plastiki, betri zilizovuja, na mkono wa shangazi yangu.

Ni kwa sababu kamera ya Shangazi Subilaga ilikaa ndani ya mchele.

Kwetu Bujonde unyevu hauna adabu. Mvua zikishika, shuka hulala zimelowa, chumvi hutoa machozi ndani ya kopo, na kioo cha kitu chochote huota ukungu kwa ndani, pale usipoweza kupafuta. Shangazi alifanya biashara ya kuvuka mpaka. Alipeleka mchele Karonga na kurudi na vitenge, na safari moja alirudi na kamera ndogo nyeusi, kubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba. Ukikisukuma, kamera ililia kwa sauti nyembamba kama ya mbu, kisha kitaa chekundu kikawaka: flashi iko tayari. Hapakuwa na cha kurekebisha. Unachungulia kidirisha, unabonyeza, basi. Aliyemuuzia alimwambia aifukie kwenye mchele mkavu isije ikaota ukungu, naye akaifukia kwenye ndoo chini ya kitanda chake. Mchele ule haukupikwa kamwe, hata mwaka ambao mafuriko yalitulaza na ndizi mbichi. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, na sisi watoto tukawekwa chini kuwafukuza kunguru.

Nisiwadanganye, ilipiga vizuri, na hilo liliniudhi kuliko yote. Picha za kipaimara, za harusi, za vijana walioegemea baiskeli zisizo zao, zote zilirudi kutoka Mbeya zina rangi kali na macho mekundu kama ya wachawi. Watu walizipokea kwa mikono miwili wakishukuru: "Ndaga fijo, mama, ndaga fijo." Shangazi alipita kati yao kama mtu aliyeziumba hizo nyuso mwenyewe.

Katika kaya yetu nzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye kamera ile haikuwahi kumpiga. Mama yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba. Ndoa yake ilivunjika, akarudi kwa baba yake, akamkuta Mama ameshika jiko. Tangu siku hiyo waligombania kila kitu cha nyumbani. Waligombania kinu, ungo, hata kamba ya kuanikia nguo.

"Mkanda una picha thelathini na sita, wifi," Shangazi alimwambia. "Napiga watu wenye sura."

"Basi usije ukajipiga mwenyewe, wifi," Mama alijibu akiendelea kutwanga. "Mkanda ukiungua tusije tukaulizana sababu."

Sasa lazima niwaeleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwa Wanyakyusa wa kale, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi hupeana mikono kanisani na dunia haianguki, lakini Babu, baba yake Baba, alikuwa mtu wa zamani. Kabla hajafika kwenye kona ya nyumba alikohoa mara mbili. Mama akisikia, aliacha njia, akachutama kwenye migomba, akajifunika kanga kichwani na kutazama udongo mpaka mzee apite. Hakulitaja jina lake. Alimpikia kila siku, na chakula nilikipeleka mimi. Miaka kumi alikula mkono wa mwanamke ambaye sura yake hakuijua.

Na mimi nilikuwa na kazi. Tangu sijaanza shule nilikuwa macho ya Mama. Tukienda kisimani nilitangulia hatua ishirini, na nikiona kofia ya Babu nilisema kwa sauti ya chini, "Mama, inama!" Niliipenda kazi hiyo. Nilijiona askari.

Jumamosi moja Shangazi alikwenda mnadani Ipinda akaiacha kamera kitandani, nje ya ndoo. Alisema mkanda umekwisha. Kihesabio kilisoma thelathini na sita, na Jumatatu angeutuma Mbeya kusafishwa. Lakini mimi nilikuwa nimeitazama ile mashine kwa wivu wa muda mrefu. Mkanda ukiisha kweli, kamera hunguruma na kuuvuta yenyewe kuurudisha ndani. Siku hiyo ilikuwa haijanguruma. Ilikuwa imebakiza moja.

Niliichukua, nikamkuta Mama nyuma ya nyumba anageuza kakao juani, nikamwambia imebaki moja. Kwanza alinifokea. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia ndani mbio na kutoka na gauni lake la bluu la Jumapili, kichwa wazi, nywele amezipaka mafuta.

"Fanya upesi, Tumpe. Umeangalia njia?"

"Nimeangalia."

Na kweli nilikuwa nimeangalia. Njia ilikuwa tupu. Kisha nikaweka jicho kwenye kidirisha.

Kidirisha kile kinakunyang'anya ulimwengu mzima na kukuachia kipande cha ukubwa wa kiberiti. Kwenye kipande changu alikuwamo Mama peke yake. Alikuwa anacheka, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka kwa meno yote. Nilisubiri kitaa chekundu kiwake. Nilibonyeza. Flashi ikapiga mchana kweupe, na papo hapo mashine ikaanza kunguruma mikononi mwangu, inavuta mkanda wake, inalia kama inamwita mwenyewe huko Ipinda. Mama alidaka kanga. Mimi nilikimbia kuirudisha kitandani. Hakuna aliyegeuka kutazama migomba.

Bahasha ilirudi na basi baada ya wiki mbili. Shangazi alikaa barazani, watu wamemzunguka, akigawa picha moja moja na neno la dharau kwa kila mwenye nayo. Alipofika ya mwisho aliisogeza machoni, akaiweka mbali, akaanza kucheka. Mama alikuwa katikati, bluu tupu, kichwa wazi, anacheka. Nyuma ya bega lake, kati ya migomba, kulikuwa na mtu mdogo kama punje ya maharage, mwenye kofia ambayo Bujonde nzima iliijua.

"Wifi!" aliita. "Wee wifi! Njoo uone ulivyopendeza na baba yangu!"

Baba alisimama. "Dada, nipe hiyo picha."

"Nikupe uifanyeje? Mkeo anachekacheka kichwa wazi mbele ya baba yako, na wewe unataka kuitilia fremu?"

Baba alikaa. Ndivyo alivyokuwa kwa dada yake.

Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo walikaa barazani kwa Babu. Lililokuwa mezani lilikuwa moja: kama Mama anabaki au anarudishwa kwao. Na kwa kuwa hakuruhusiwa kufika mbele ya mkwewe hata kujitetea, aliketishwa nyuma ya nyumba, juu ya jiwe, mgongo ukutani. Mimi nilipewa kazi ya kupeleka maswali na kurudisha majibu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilizunguka kona ile mpaka kisigino kikachubuka.

"Muulize nani alipiga."

"Waambie nilikuomba mimi," Mama alisema. "Mtoto ametumwa tu."

"Muulize kwa nini kichwa wazi."

"Waambie nilitaka wanangu waje kuijua sura yangu."

Mzee mmoja alicheka pumzi kidogo puani. Shangazi hakucheka.

"Muulize, alimwona mkwewe au hakumwona?"

Safari hii Mama alinishika mkono, akanibana. "Waambie sikumwona. Halafu waambie wamuulize yeye mwenyewe kama alikohoa."

Nilizunguka kona. Babu alikuwa kwenye kiti chake, kofia iko gotini, na macho yake yakanipokea. Huyu ndiye aliyekuwa akinimenyea muwa. Mtoto gani anasimama mbele ya wazee na kumwambia babu yake ajieleze? Nilidhani Mama ameongeza lile neno kwa hasira tu. Nilidhani nikilisema nitazabwa kofi, na yeye atafukuzwa hapo hapo. Nikaona nimsaidie.

"Anasema hakumwona," nilisema. "Anaomba msamaha."

"Amekiri," alisema Shangazi, na baraza zima likashusha pumzi kama watu waliotua mzigo.

Babu alivaa kofia yake.

Mama aliondoka jioni ile kwenda kwa wazazi wake Ipinda na mfuko mmoja wa nguo. Picha Shangazi aliichoma jikoni kwa mkono wake, mbele ya Baba. Msimu mzima nilifukuza ndege mpungani peke yangu, nikipiga debe na kumtukana kila mmoja kwa jina la Shangazi. Mpunga ulipovunwa Mama alirudishwa, nyuma yake wajomba wanaswaga ng'ombe jike wa kuomba radhi. Babu alikunywa maziwa ya ng'ombe yule mpaka alipokufa. Mimi sikuyagusa.

Nilijua kosa ni langu. Nilikuwa macho ya Mama, na siku moja tu aliyonihitaji kweli nilikuwa nimeyafungia kwenye kidirisha cha shangazi yangu. Nilikua na jambo hilo. Kwa ajili yake nilichukia kamera zote, na kila mtu aliyeniambia, "Hebu tabasamu."

Mwaka jana Shangazi alihamia Karonga kwa binti yake, akaacha sanduku. Ndani yake nilikuta bahasha ya vipande vya mkanda, vile vya kahawia ambavyo ukivishika juani watu wote wana nyuso nyeusi na nywele nyeupe. Picha alikuwa ameichoma, lakini mkanda haukumjia akilini. Nilivipeleka Dar es Salaam kwenye duka ambalo vijana siku hizi hupanga foleni kulipia kile ambacho sisi tulikifanya kwa kukosa kingine. Dada wa dukani aliikuza picha ya thelathini na saba kwenye kioo kipana kama mlango.

"Huyu mzee huku nyuma ni nani?" aliuliza.

Nilikuwa nalitazama jembe. Mtu anayepita njia akitoka shamba jembe liko begani. La Babu lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba, na mikono yake imefungwa kifuani. Alikuwa hapiti. Alikuwa amefika, ameshusha jembe, amekimeza kikohozi chake, amesimama anamtazama mwanamke aliyempikia miaka kumi. Sijui alitaka nini. Labda sura tu. Nimejaribu kumhurumia na nimeshindwa, kwa sababu Jumapili ile alikaa kwenye kiti akijua, akavaa kofia.

Nilisafiri mpaka Kyela, kwa Mama, anakoishi sasa, mtaa wa Bondeni. Nilimtia simu mkononi kabla hata sijavua viatu, kwa haraka ya mtu aliyeleta haki. Alijitazama yeye kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Babu. Hakushtuka.

"Nilijua hakukohoa," alisema. "Kikohozi kile nilikuwa nakisikia hata usingizini."

Halafu, macho yakiwa bado kwenye simu, aliniuliza jambo ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwahi kuniuliza.

"Siku ile ulipowaambia wamuulize, alifanyaje? Aliinamisha uso?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimweleza nilichosema barazani, maneno mawili ya mwisho, kama nilivyoyasema.

Aliitazama picha mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe.

"Kumbe hakuulizwa," alisema. "Na mimi nimemchukia kwa kuulizwa akanyamaza."

"Lakini mdomo alikuwa nao, Mama."

"Na wewe ulikuwa nao."

Alisema bila ukali, akanirudishia simu. Miaka yote ile nilikuwa nimeyahukumu macho yangu, nayo hayakuwa na kesi. Njia ilikuwa tupu kwa sababu mtu mzima aliamua kujificha migombani. Lakini jibu la Mama, moja tu ambalo lingeweza kumbakiza nyumbani kwake, lilifika salama mpaka kwenye kona ya nyumba, na pale likanikuta mimi, mtoto mwenye adabu.